Mende Yule Hakuburuzwa

Wiki chache zilizopita chemba ya choo chetu iliziba, nikamwita fundi. Alipofunua mfuniko mende walitawanyika kila upande, naye hakujali, maana mende kwake ni kama vumbi kwa mwashi. Kilichomshtua kilikuwa ukutani. "Kaka, hebu njoo uone," aliniita. Mdudu mwembamba wa kijani kinachometameta, mapaja mekundu kama aliyevaa kaptula ya sare, alikuwa anarudi kinyumenyume huku amemshika kipapasio cha kichwani mende aliyemzidi umbo karibu mara mbili. "Anamburuza kama mbuzi wa sadaka," akasema fundi.

Nikachuchumaa nitazame vizuri. Hakuwa anamburuza. Mende alikuwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe, yote sita, taratibu, kama mzee asiyeona anayeongozwa na mjukuu. Hakuvutana, hakujaribu kukimbia. Walipofika kwenye ufa wa tofali wakaingia, kijani mbele, mende nyuma.

"Huyo kashapandwa kichwani," fundi akahitimisha, akarudi kwenye waya wake wa kuzibulia.

Kwa mtu wa pwani maneno hayo hayahitaji ufafanuzi. Pepo hupanda kichwani, na aliyepandwa huitwa kiti. Kiti hakisemi, anayesema ni aliyekikalia. Nimekuwa nikiliwaza neno hilo tangu siku ile, kwa sababu ndivyo hasa habari za vimelea wanaobadili tabia za wanyama zinavyosimuliwa kwenye simu zetu: sisimizi kageuzwa zombi, panya katekwa akili, mende kawa roboti. Mnyama ni kiti, kimelea ndiye aliyekaa. Mimi nataka kubishana na picha hiyo. Mambo yenyewe yanatokea, na mengine yanatisha kuliko yanavyosimuliwa. Lakini ukisogea karibu humkuti aliyekaa kitini. Unamkuta mnyama yule yule na tabia zake zile zile, ila jambo moja limelegezwa na jingine limekazwa. Na nadhani picha hii ya kiti inatugharimu: tunajadili kimelea wa paka usiku kucha, huku mbwa asiyechanjwa amelala mlangoni.

Tuanze na huyo wa kijani. Ni nyigu, jina lake la kitaalamu *Ampulex compressa*, mwenyeji wa nchi za joto za Afrika na Asia. Mwaka 1941 alipelekwa Hawaii kwa matumaini kwamba angepunguza mende. Mende wa Hawaii bado wapo.

Nyigu huyu humchoma mende mara mbili. Mchomo wa kwanza ni wa kifuani, na kwa dakika chache miguu ya mbele inakufa ganzi. Huo ni wa kumtuliza tu, kwa sababu mchomo wa pili unahitaji shabaha ya daktari wa upasuaji: mwiba unapenya shingoni, unapapasa ndani ya kichwa mpaka uguse mafundo ya neva yanayohusika na kuanzisha mwendo, ndipo sumu inamwagwa hapo hapo. Kisha nyigu anaondoka kwenda kutafuta shimo. Mende, ambaye sasa ganzi imemtoka na angeweza kukimbia, anabaki pale pale akijisafisha, miguu, vipapasio, kila kitu, kwa karibu nusu saa. Nyigu anarudi, anakata vipapasio vyake nusu, ananywa maji ya mwili yanayotoka, halafu anamshika kilichobaki na kumwongoza.

Fred Libersat na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, wametumia miaka mingi kuuliza swali rahisi: mende huyu amekosa nini hasa? Walimgeuza chali, akajipindua. Walimtia majini, akapiga miguu, ingawa alikata tamaa mapema kuliko mwenzake mzima. Misuli ipo, neva za miguu zipo, hatua zinapangika. Kinachokosekana ni kuanza. Akishtuliwa anahitaji mshtuko mkubwa zaidi kuliko kawaida ndipo ainuke. Wakimdunga dawa inayofanya kazi kama oktopamini, kemikali inayowaamsha wadudu, sehemu ya uwezo wa kuanza mwendo inarudi. Kwa lugha ya gereji, injini nzima, gia zinaingia, stata ndiyo imekufa. Gari la namna hiyo ukilisukuma linakwenda, na nyigu anachofanya ni kusukuma.

Kwa hiyo nyigu hamwendeshi mende. Angemwendesha angehitaji kujua kila mguu uinuliwe lini, na ubongo wake ni mdogo kwa kazi hiyo. Amezima kitu kimoja, mengine yote mende anajifanyia. (Mende naye si mnyonge kama tunavyodhani. Mwaka 2018 Kenneth Catania wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alionyesha kwa video za mwendo wa polepole jinsi mende aliyemwahi nyigu anavyojiinua juu ya miguu yake na kumpiga teke la kichwa linalomrusha mbali. Wengi wanaopigana kwa namna hiyo huokoka.)

Ndani ya shimo nyigu anataga yai moja kwenye mguu wa mende, anaziba mlango kwa vijiwe na kuondoka. Baada ya siku tatu hivi buu anatoka, ananyonya kwa nje siku kadhaa, kisha anaingia mwilini na kula kilicho ndani. Kiswahili cha biolojia kinamwita anayeliwa hivi *mwenyeji*. Sijui nani alilichagua neno hilo, lakini tangu hapo siwezi kusikia "mgeni njoo, mwenyeji apone" bila kumkumbuka mende wa chemba.

Mfano unaopendwa zaidi mitandaoni ni sisimizi na kuvu wa jamii ya *Ophiocordyceps*. Mwanasayansi wa Uingereza Alfred Russel Wallace alikusanya sisimizi wenye kuvu wa aina hii kwenye kisiwa cha Sulawesi, Indonesia ya leo, mwaka 1859, na kule Messel, Ujerumani, kuna jani lililogeuka jiwe, lenye umri wa miaka milioni 48, ambalo mishipa yake ina alama za meno zinazofanana na zinazoachwa na sisimizi hao leo. Sisimizi aliyeambukizwa huacha njia za wenzake juu ya miti, hushuka mahali penye unyevu, na katika misitu ya Thailand iliyochunguzwa huuma mshipa wa jani kama sentimita 25 kutoka ardhini, karibu na saa sita mchana. Anafia hapo, meno hayajaachia. Kuvu unachipua kutoka nyuma ya kichwa chake na kudondosha mbegu chini wanakopita wenzake.

Hadithi hiyo huelezwa siku zote kana kwamba kuvu umekaa kwenye ubongo na kushika usukani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walikata sisimizi vipande vyembamba kupita kiasi, wakavipiga picha kwa darubini ya elektroni na kuziunganisha kwa kompyuta, wamwone kuvu alipo. Alikuwa kifuani, tumboni, miguuni, kichwani kwenye misuli ya taya. Seli zake zilikuwa zimeshikana mtandao kuizunguka misuli. Ndani ya ubongo hawakumkuta. Inawezekana anaupelekea kemikali kutoka nje, na watafiti wenyewe wanaelekea huko. Lakini dereva aliyekaa kitini hakuonekana, na yule mwenye taya alikuwa bado na ubongo wake mzima, jambo ambalo kwangu linatisha kuliko zombi yeyote.

Nyenje wanaojitupa majini nitawapitia haraka. Ndani yao mna mnyoo mrefu kama unywele ambao lazima uzaane majini. Mnyoo ukikomaa nyenje anaelekea mtoni na kuruka, mnyoo unatoka, nyenje anazama au anakuwa chakula cha samaki. Japani wamepima mto mmoja mdogo wakakuta nyenje wa namna hii walichangia karibu asilimia 60 ya nguvu ambayo samaki wa mto ule waliipata kwa mwaka. Mnyoo mmoja usio na hata mdomo wa maana, na mto mzima unalishwa.

Sasa paka.

*Toxoplasma gondii* ni kimelea wa seli moja. Aligunduliwa mwaka 1908 mara mbili, Brazil kwa sungura, na Tunis ambako Charles Nicolle na Louis Manceaux walimkuta ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye gundi, na ndilo asili ya jina lake. Anaweza kuishi ndani ya karibu mnyama yeyote mwenye damu moto, lakini kuzaa kwa kujamiiana anakuweza ndani ya utumbo wa jamii ya paka peke yake, simba na chui wakiwemo. Kwa hiyo kimelea aliye ndani ya panya ana haja moja kubwa: panya aliwe na paka.

Mwaka 2000 watafiti wa Oxford waliweka panya kwenye uwanja wenye pembe nne, kila pembe harufu yake: ya panya mwenyewe, isiyo ya mnyama yeyote, ya sungura na ya paka. Panya wazima waliikwepa pembe ya paka. Walioambukizwa hawakuikwepa, na baadhi yao waliipenda. Kwa miaka ishirini jambo hili limesimuliwa kana kwamba kimelea huyu anao ufunguo maalumu wa woga wa paka. Kisha mwaka 2020 kundi la Geneva likapima tena kwa upana zaidi, likakuta kwamba panya walioambukizwa hawakupoteza woga wa paka peke yake. Wanapungukiwa woga kwa jumla. Wanachungulia vitu vigeni, wanatembea mahali pa wazi, hata mkono wa mtu haujawashtua sana. Na kiasi cha mabadiliko kililingana na kiasi cha uvimbe ulioletwa na maambukizi katika ubongo. Hapo hadithi inakuwa nyingine: pengine hakuna ufunguo, kuna ubongo unaoumwa, na ugonjwa huo ukatokea kumfaa kimelea.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani. Katika hifadhi ya Masai Mara, Kenya, fisi wamekuwa wakitazamwa tangu mwaka 1988, fisi mmoja mmoja, kwa sura na madoa yake, katika mradi ulioanzishwa na Kay Holekamp wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Damu zao zilihifadhiwa. Mwaka 2021 watafiti walizipima kutafuta *Toxoplasma*, kisha wakarudi kwenye madaftari ya zamani kuona kila fisi alikuwa akisimama umbali gani kutoka kwa simba. Watoto wa fisi wasiozidi mwaka mmoja walioambukizwa walimsogelea simba karibu zaidi kuliko wenzao, na walipokufa, mara nyingi zaidi muuaji alikuwa simba. Kwa fisi wakubwa tofauti ya umbali haikuonekana.

Habari hii ilienea duniani kama ushahidi kwamba kimelea "anamtuma" fisi kwa simba. Polepole. Mtu yeyote aliyekaa Mara au Serengeti anajua kwamba simba humuua fisi na mara nyingi hamli, anamwacha pale. Kimelea anapata nini kwa mzoga ambao haukuliwa? Na tena, tunajuaje kwamba mtoto wa fisi mwenye kiherehere tangu kuzaliwa siye anayeokota ugonjwa kirahisi, badala ya ugonjwa kumpa kiherehere? Utafiti ni mzuri, data zake hazipatikani popote pengine. Lakini umetuonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja. Nani anamwongoza nani, kama pale ukutani kwangu, inabidi uchuchumae.

Mwaka mmoja baadaye mbwa mwitu wa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, walileta jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Wenye maambukizi walikuwa na uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kuacha kundi walilozaliwa, na mkubwa zaidi ya hapo wa kuwa viongozi wa kundi. Kwa hiyo kimelea yule yule, anayemfanya panya aliwe, kwa mbwa mwitu anaonekana kwenda pamoja na cheo. Haiwezekani kuwa alipanga hivyo. Amepunguza woga, basi. Panya asiye na woga anaishia tumboni mwa paka, mtoto wa fisi asiye na woga anaishia mdomoni mwa simba, na mbwa mwitu asiye na woga huenda akapewa kundi.

Ndiyo maana nakunja uso kila ninapoona kichwa cha habari kinachosema paka wako anakugeuza akili. Karibu theluthi ya watu duniani wanakadiriwa kuwa na kimelea huyu, na tangu miaka ya 1990 mwanabiolojia Jaroslav Flegr wa Prague ametoa tafiti nyingi zinazomhusisha na tabia za watu, pamoja na ule wa mwaka 2002 ulioonyesha kwamba walioambukizwa walikuwa wengi zaidi kati ya watu waliopata ajali za barabarani. Lakini mwaka 2016 watafiti waliwageukia watu zaidi ya 800 wa mji wa Dunedin, New Zealand, wote wazaliwa wa mwaka mmoja, wanaopimwa tangu utotoni. Asilimia 28 walikuwa na maambukizi. Katika skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili), sonona, kutojizuia, ajali, uhalifu, kwa sehemu kubwa tofauti haikuonekana. Hatari ya kweli ya *Toxoplasma* inajulikana kliniki siku nyingi: mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, na mtu ambaye kinga yake imeshuka. Kwa hao, nyama iive vizuri, mboga zioshwe, na uchafu wa paka asafishe mwingine. Jambo hili halina utamu wa kusimulia, kwa hiyo halisambai.

Wakati tunamshangaa paka, kuna kimelea anayecheza na tabia za wanyama wawili kwa mpigo, na mmoja wao ni sisi.

Mwaka 2005 Jacob Koella, Richard Mukabana na wenzao walichapisha jaribio walilofanya magharibi mwa Kenya. Watoto watatu watatu walilala kwenye mahema yaliyounganishwa na chumba kimoja cha mbu: mmoja hana malaria, wa pili ana malaria iliyo katika hatua ambayo haiwezi kumwingia mbu na kuendelea, wa tatu ana gametosaiti, yaani hatua ile inayosubiri kunyonywa. Mbu waliweza kunusa lakini hawakuweza kuwafikia. Waliomwelekea mtoto wa tatu walikuwa karibu mara mbili ya waliowaelekea wenzake. Watoto wakatibiwa, jaribio likarudiwa, tofauti ikapotea.

Upande wa mbu, Koella huyo huyo mwaka 1998 alikuwa ameripoti kutoka Tanzania kwamba mbu wenye vimelea tayari kwenye mate, asilimia 22 walikutwa na damu ya watu wawili au zaidi kwa usiku mmoja, wakati kwa mbu wasio na vimelea ilikuwa asilimia 10. Mbu mgonjwa, kwa maneno mengine, anadokoa sahani nyingi.

Utasema hapo sasa kiti kimekaliwa kweli. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipokutana na jaribio la mwaka 2013. Mbu hawakupewa malaria kabisa. Walidungwa bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto, kitu kisicho na haja wala hila, na tabia yao ya kutafuta damu ikabadilika kwa namna ile ile. Maana yake sehemu ya kile tunachokiita hila za malaria ni mbu mwenyewe anavyougua. Kimelea hakuhitaji kubuni chochote. Alihitaji kufika wakati mlango uko wazi, na kimelea aliyeufunga hakuacha uzao. Na mtoto kwenye hema? Mtoto amelala usingizi. Hakuna akili iliyotekwa pale, kuna jasho lililobadilika harufu. Ukimtafuta zombi humpati, na hilo ndilo linalofanya jambo lenyewe lipite bila kushangaza mtu.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Wataalamu wengine huwa hawapendi kuweka virusi kwenye kapu moja na vimelea, lakini kwa suala la tabia siwezi kukiacha, kwa sababu hakuna mfano ulio wazi zaidi wala ulio karibu zaidi na mlango wangu na wako.

Virusi hivi vina jeni tano. Tano tu. Vinaingia kwa kidonda, vinapanda neva polepole, kwa kawaida kwa wiki au miezi, mpaka kwenye ubongo, na kutoka huko vinashuka kwenye tezi za mate. Tazama mpangilio ulivyo: mate yamejaa virusi, koo limepooza hayamezeki, na kwa wakati huo huo mnyama amepoteza woga na anauma chochote. Mbweha anaingia kijijini mchana. Mbwa anamuuma mwenye nyumba aliyemlisha miaka sita. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kipande cha protini ya nje ya virusi hivi kinafanana na sumu ya nyoka na kinashika vipokeo vile vile vya neva. Kipande hicho peke yake, bila virusi, kilipowekwa kwenye ubongo wa panya, panya walihangaika kupita kiasi.

Hapa ningekubali kushindwa hoja, kama si mambo mawili. La kwanza, mbwa wengi wenye kichaa hawawi wakali. Wanapooza, wanajificha uvunguni, taya linaning'inia, na mtu anamfungua mdomo akidhani amekwamwa na mfupa. La pili linatoka Serengeti na Ngorongoro. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Katie Hampson na wenzake walifuata kila tukio la kuumwa, nyumba kwa nyumba, nani kaumwa na mbwa gani, na mbwa huyo aliumwa na nani. Mwaka 2009 walichapisha hesabu: kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kidogo zaidi ya mbwa mmoja. Yule zombi wetu wa kutisha, kwa kazi ya kueneza, ni mzembe. Anauma hovyo, anauma mawe, anakufa ndani ya siku chache. Ugonjwa unaning'inia kwenye uzi.

Na binadamu hata kwenye uzi huo hatumo. Mtu anayeshtuka koo akionyeshwa glasi ya maji, anayetokwa mate, anayepigana na wauguzi, hamwambukizi mtu mwingine ila mara chache mno. Virusi havipati chochote kwetu. Hila zile zilitengenezwa kwa ajili ya mbwa, nasi tunaangukiwa nazo kama aliyepita chini ya jengo linalobomolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote Asia na Afrika, karibu vyote kutokana na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Kabla ya hapo ipo, tena nzuri: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake kitu, usisubiri jiwe la nyoka lifanye kazi, nenda ukachanjwe siku hiyo hiyo. Ubaya ni kwamba sindano hizo mara nyingi ziko wilayani, na nauli na gharama zinamwangukia mzazi ambaye siku hiyo hana.

Uzi ule unakatika kwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Si kwa kuwapiga risasi. Tumejaribu hivyo tangu ukoloni na mbwa bado wapo, na wengi tunaowaita koko wana wenyewe, wana majina, wana nyumba wanapolala. Pemba walichanja, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka kisiwani. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka mara ya pili.

Niliwahi kuishuhudia siku ya chanjo bara, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Karibu wote walioleta mbwa walikuwa watoto. Kamba zilikuwa za katani, za nyaya za umeme, moja ilikuwa mkanda wa shule. Mbwa walikuwa wamezoea kuzurura, kamba hawaijui, sindano hawaitaki. Walikaza miguu yote minne, wakakaa chini, wakajilaza chali, mmoja akamvuta mvulana wa darasa la tatu hivi mpaka kwenye matope. Wale kweli walikuwa wanaburuzwa, na kelele zao zilisikika barabarani.